Kibao cha Historia Kando ya Gati

Malaba, Jumapili

Kwako ndugu yangu Ojiambo,

Nakusalimu. Mko aje huko kisiwani? Mama magoti yamepoa? Sisi tuko salama, ni malori tu yamejipanga mpaka mlangoni pa kibanda changu cha chai, hata nafasi ya kukaa sina. Leo nimekaa kwa lazima.

Juzi yule mama anayeniletea omena kutoka huko alinionyesha picha kwa simu: kile kibao cha historia ya bandari yetu mlichosimamisha kando ya gati. Nikasoma nikitafuta jina la Baba. Nikalipata mwisho kabisa. Eti alikuwa mmenya, mgeni aliyekaribishwa na wenyeji akapewa pa kulala. Nikamuuliza nani kawaambia hivyo.

"Dada, si ni kaka yako? Alisimama mkutanoni akasema. Wiki hiyo hiyo wakamfanya katibu wa kamati ya bichi, hapo wavuvi wanapoegesha."

Ojiambo, kweli? Wewe?

Pale palikuwa na matete na viboko. Baba na Mama ndio walifyeka, Mama akiwa na mimba yako. Hao unaowaita wenyeji walikuja baadaye kuomba pa kuanika omena. Na mtumbwi mpya haukuguswa na maji kabla Baba, kama mwenye pwani, hajaingia ndani kwanza kuubariki. Umeona wapi mtumbwi ukimngoja mgeni? Wewe ndiye ulikuwa unamshikia viatu, usijifanye umesahau.

Nimeumia sana. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana nikaendelea na kazi. Unajua vizuri mmenya hana ardhi. Sasa wanataka kiwanja cha Mama wajenge stoo ya samaki, na ukikataa watakusomea maneno yako mwenyewe.

Msalimie wifi yangu na watoto. Senge, shangazi yetu aliyetulea, mwambie nimempata daktari wa macho hapa.

Huyo mama aliniambia na jambo lingine, na hilo ndilo limenikosesha usingizi. Kwamba kila asubuhi Mama anafagia chini ya hicho kibao. Hajui kusoma, akakuomba umsomee, ukamwambia kimeandikwa mume wake ndiye alifika wa kwanza.

Alhamisi nafunga kibanda, nakuja. Sitapiga kelele. Nitamshika Mama mkono mpaka pale, na wewe utamsomea tena, neno kwa neno, vile kimeandikwa.

Dada yako,
Nabwire