Ulezi Ndani ya Mashine ya Mama

Mama,

Mashine yako ya kufulia inatengenezeka. Amesema hivyo fundi Deus, aliyeifungua jana hapa Izia, kwenye korido, mbele ya mlango wa Baba. Nakuandikia kwa sababu sehemu ya alichokikuta ndani ni yako.

Ilianza kelele wiki chache baada ya kukuzika. Kwanza mngurumo, kama lori linalopanda mlima, kila inapokamua. Kisha mkwaruzo mwembamba inapotoa maji. Niliiwasha tupu, bila nguo. Milio yote miwili ikabaki. Ilipogoma kabisa nikarudi kwenye beseni.

Unayajua maji ya Sumbawanga mwezi wa saba, yanavyouma kwa baridi. Na tangu Baba apate kiharusi, shuka zake hufuliwa kila asubuhi. Dirisha lake linatazama uani, nilipokuwa nafulia. Aliniona kila asubuhi. Jioni akaanza kukataa maji, halafu chai, halafu hata uji. Nilidhani ni ugonjwa. Nilipombana alisema, "Nikinywa, kesho unafua." Midomo imemkauka. Nesi ametuonya kwamba akiendelea hivi figo zitaumia. Ndiyo sababu nilimwita fundi.

Deus alilizungusha pipa kwa mkono, sikio likiwa karibu na bati. "Dada, sikia huu mngurumo. Beringi imekwisha. Ni uzee tu." Kisha akafungua chujio la pampu na kulikung'uta juu ya gazeti. Zikamwagika punje nyeusi zilizovimba. Akaziponda kwa kidole, akanusa, akacheka.

"Ulezi! Nyie Wafipa, mnafua mpaka pombe?"

Mimi nilijua umetoka wapi. Nilikukuta mwenyewe umeufunga ulezi wa togwa kwenye foronya, unausuuza kwa mashine kuondoa mchanga wa kiwanja cha kupuria. Vidole vyako vilikuwa vimevimba, hukuweza tena kuuosha kwenye maji ya baridi. Nikakuuliza umepatwa na nini.

"Nguo inaoshwa, ulezi unaoshwa. Wewe shida yako nini?" Ukashusha sauti. "Baba yako asijue."

Siku fundo lilipofunguka ndani ya mashine tulichota punje kwa vikombe, ukinilaumu mimi kwamba nilikukodolea macho ukiwa unafunga.

Baba alikisikia kicheko cha fundi, akauliza kuna nini. Nikampelekea punje kiganjani. Akaokota moja.

"Nilijua zamani," alisema. "Togwa ya mama yako iliacha kuwa na mchanga. Nikanyamaza, nisije nikaikosa."

"Kumbe mzee ulikuwa shahidi!" Deus akapaza sauti kutoka koridoni.

"Shahidi mnywaji," Baba akajibu.

Ni mara ya kwanza kumsikia akitania tangu uondoke. Nimeona ni haki uambiwe kwamba alijua. Miaka yote ile wewe ulimficha, naye akakuficha kwamba hafichwi, na mkaketi meza moja mkinywa. Sikuwahi kuwasikia mkiambiana mnapendana. Sasa naona palikuwa na njia nyingine ya kusema, na mimi nilipita katikati yake nikibeba vikombe.

Nilitumia nafasi hiyo kumpa maji. Alikunywa mafunda mawili, akatazama mashine iliyo wazi sakafuni, akaurudisha mkono wangu pamoja na kikombe. "Ikipona," alisema.

Deus amesafisha pampu, lakini amekataza tusiiwashe kabla ya beringi mpya, hii mbovu isije ikalila pipa. Beringi inatoka Mbeya kwa basi la Alhamisi. Ataifunga Ijumaa, baada ya misa ya asubuhi, na shuka za Baba ndizo zitakazotangulia. Mpaka siku hiyo nafulia nyuma ya jiko, asikoweza kuniona.

Lala salama, Mama.

Kitindamimba wako