Mama Aliomba Nyongeza, Mimi Sikuifikisha

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na kama utanicheka basi nicheke kimyakimya. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, mwenye aibu kupita kiasi, darasani hata nikijua jibu mkono hauinuki. Mama yangu ni mkata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare, mwaka wa kumi na mbili sasa, na mkasi wake haujawahi kuharibu jora. Juzi karakana nyingine ilimwita, ila meneja wa huko hajui lugha yetu, anajua ile ninayosomea shuleni, kwa hiyo mama akanichukua niwe mdomo wake.

Alivaa viatu alivyonunua kwa harusi ya mama mdogo, tukakaa mbele ya meza, meneja akauliza analipwa ngapi sasa, nikamtajia, kisha mama akaniambia, "Mwambie sihami kwa mshahara uleule. Aongeze nusu yake juu, na asidhani natania," na meneja akaangalia saa, akaniangalia mimi, nikaona tutaonekana watu wa tamaa, na nilichosema, mshauri, ni kwamba mama atashukuru kwa chochote atakachopewa. Meneja akatabasamu, akaandika kiasi kilekile. Mama akaisoma karatasi, akaninong'oneza, "Amekataa?" Nikasema amekataa.

Hajanilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo inaniua. Njiani alinishika bega akasema, "Angalau nimesema. Wenzangu hata kusema wanaogopa." Kwenye simu akamsimulia mama mdogo, "Huyu mwanao bwana, lugha inamtiririka kama redio!" Mimi nipo jikoni naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Shuleni sina rafiki, nyumbani tuko wawili tu na huyo wa pili ndiye niliyemsaliti, nina lugha mbili na sina hata moja ya kusemea jambo hili. Amekubali kuhama hivyohivyo, kwa sababu huko kuna madirisha na huku vumbi la vitambaa linambana kifua. Anasaini Jumatatu. Maji yakimwagika hayazoleki, au?

Mdomo wa Mama

Marahaba, binti yangu. Sijakucheka. Kukugombeza nitakugombeza, kaa vizuri.

Umedanganya mara mbili. La kwanza nalielewa, hofu ilikukaba. La pili, lile "amekataa", silimezi. Umemsingizia meneja wa watu jibu ambalo hakulitoa, na mama yako anatembea nalo kifuani kama lake. Halafu unaita aibu! Na nani kakwambia kutaja bei ya kazi yako ni tamaa? Muuza nyanya hutaja bei yake kila siku, wala hatumkimbii.

Pole pia. Kukalishwa katikati ya watu wazima wawili, kila mmoja anakutazama mdomo, si mzigo wa mtoto, na hakuna aliyekuuliza kama unauweza. Hilo nalo mwambie mama, lakini baadaye. Usilitangulize kama kisingizio.

Leo hii mwambie, "Mama, hakukataa. Sikumwambia." Maneno hayo tu. Usianze na machozi, maana ukianza kulia atakubembeleza na habari haitafika. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Akitulia, muulize anataka nini, kwa kuwa neno ni lake. Akitaka kurudi, piga simu karakanani kabla ya Jumatatu, sema kosa la kutafsiri lilikuwa lako, omba dakika kumi. Abebe sare aliyoikata kwa mkono wake, aiweke mezani. Kama hataki tena umsemee, atafute mwingine, nawe usinune. Meneja anaweza kusema hapana, lakini safari hii itakuwa hapana yake, si yako.

Ukikalishwa tena pale, mtazame mama, usiitazame saa ya mtu. Akisema "mimi", nawe sema "mimi". Mjumbe hauawi, mwanangu, lakini mzigo haupunguzi njiani.

Maji hayajamwagika. Yamo ndooni, na mkono wa ndoo umeushika wewe. Unasema huna lugha ya kusemea jambo hili, na hapa umenijazia ukurasa mzima bila kusita. Tatizo ni kwamba umemwandikia asiyehusika. Hivyo vikombe vimeshatakata. Viweke chini, utoke jikoni.