Yule wa Kwanza Bado Anakula?

Kwako Bibi, mke mwenzangu wa Mpuguso,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu hata kama nyumba inaungua, kwa hiyo naanza hapo. Migomba imekufunika vizuri huko nyuma ya nyumba, na mvua ya Tukuyu haijabadili tabia, inanyesha kama vile jana haikunyesha. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Msasani na madaftari ya wanafunzi wangu wa Uraia. Badala ya kuyasahihisha nakuandikia wewe, maana nina habari ya mwanao, na habari yenyewe inaanzia kwenye kile kilio chako.

Unakumbuka? Nilikuwa bado shule ya msingi. Jioni ile redio ya Baba ilikuwa juu ya kabati, tukasikia kwamba Rais wa kwanza, yule aliyetulea tangu uhuru, amemkabidhi mwenzake nchi. Wewe ulikuwa unamenya ndizi. Kisu kikakuponyoka. Ukajifunga kanga kiunoni, ukatoka uani, ukapiga yowe ambalo nadhani hata watu wa mbali kule Suma walilisikia. Kabla giza halijaingia majirani walikuwa wameshajaa, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wakilia kwanza ndipo waulize.

"Nani ametutoka?" mmoja akauliza.

"Malafyale wa nchi nsima," ukajibu. "Leo wamekabidhi."

Kwako kila mkuu alikuwa malafyale, kama wale machifu wetu wa Kinyakyusa uliowakuta utotoni. Baba alitamani ardhi immeze.

"Mama, hajafa. Amestaafu."

"Kustaafu ndo nini?"

"Kuacha kazi ukiwa mzima."

Ukamtazama kwa huruma, kama unamtazama mtoto aliyepunjwa dukani. "Mwanangu, kiti kile mtu haachi akiwa msima."

Watu walicheka sana, lakini mimi nilipokua ndipo nikaelewa kwamba hukuwa na ujinga wowote. Ulikuwa unajua jambo ambalo redio haikulijua. Zamani za machifu, vijana wakishakomaa, nchi ilikabidhiwa kwao kwa sherehe mliyoiita ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa majikoni, ukawashwa mpya, na malafyale mzee hakutarajiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo. Uliposikia neno kukabidhi, ulifanya tu kile anachofanya jirani mwema, ukawahi msiba. Majirani walikula ndizi zao wakarudi makwao, na kwa muda mrefu wakawa wanakutania sokoni kwa jina la Mfiwa wa Rais.

Wewe hukucheka nao. Ulikaa kusubiri. Kila Baba akirudi kutoka mjini, kabla hajaweka mzigo chini, unamdaka mlangoni.

"Yule wa kwansa, bado anakula?"

"Anakula, Mama."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

Halafu ile siku ya zahanati! Ulinishika mkono nikusindikize kwa sababu ya kifua, na kifua ukakisahau mlangoni, maana ukutani uliona picha mbili: Rais mpya, na pembeni yake yule wa kwanza. Ulisimama ukazitazama mpaka foleni ikaanza kunung'unika. "Kumbe hawamtoi," ukasema kwa sauti. "Wanamsogesa tu." Nesi, ambaye alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka Pwani na hakuwa amezoea Kiswahili chako, akauliza kwa wasiwasi ni mgonjwa gani aliyesogezwa.

Wa pili naye akamaliza mihula yake miwili, akakabidhi. Ukamwuliza Baba kama wote wawili wanakula. Akasema wote wawili. Kesho yake asubuhi ulimwita Mama, mke wa mwanao, ukampa panga lako la migombani, lile lenye mpini ulioiva kwa kiganja chako. Miaka yote ile Mama alikuwa hakati hata mkungu mmoja bila kukuomba ruhusa. "Kata unafyoona," ulimwambia. "Na mimi nataka nione kama nitakula."

Na ulikula, Bibi! Nadhani ile ndiyo miaka niliyokupenda zaidi. Ulikuwa unalala mchana bila aibu. Unakwenda sokoni kutazama watu tu, unarudi na umbea mtamu kuliko maparachichi. Ulimi wako haukutenganisha rais na rahisi, vyote vilikuwa laisi, ukanifundisha ule msemo wako: "Kupewa ulaisi ni laisi, kuuacha ndo si laisi." Wa kwanza alipofariki kweli, miaka mingi baada ya kile kilio, hukupiga yowe tena. Ulikaa kwenye kigoda ukalia kimyakimya. Ulisema huyu ulishamlilia, sasa ulikuwa unamsindikiza.

Msemo wako naufundishia, usinidai. Nikifika kwenye mada ya urais naeleza kiapo, naeleza Katiba na mihula, wanafunzi wanapiga miayo. Nikiwapa habari ya Mfiwa wa Rais wanaamka wote. Wiki iliyopita msichana mmoja aliniuliza, "Madam, kwa nini mtu aondoke na nguvu bado anazo?" Nikamjibu kwamba ni ili nchi izoee kwamba kiti ni cha wote, na mwenye kiti azoee kwamba yeye ni mtu. Sijui kama mtihani utakubali jibu hilo. Tangu uondoke wengine wamekuja, wamekabidhi, tunawaona kwenye harusi na misiba wakila kwa mikono yao. Mmoja alifariki akiwa kazini. Siku hiyo nilitamani sana ungekuwepo, maana ungejua namna ya kulia. Nchi haikukaa bila mkuu, makamu wake aliapishwa. Mwanamke, Bibi. Nilikuja kaburini kukuambia, mvua ikanifukuza.

Sasa habari ya mwanao. Baba amezeeka, magoti yamegoma, na Mama naye alishakufuata, hayupo wa kumbembeleza. Panga lako anakaa nalo kitandani. Kaka Ambakisye ndiye anayelima, lakini hakati mkungu wala hachumishi chai bila ruhusa, na ruhusa inachelewa mpaka majani yanakomaa hayachumiki. Tukimwambia apumzike anajibu, "Nikikabidhi, mmenizika." Baba huyohuyo, aliyekufundisha wewe maana ya kustaafu!

Juzijuzi aliteleza kwenye mteremko wa chai akalala kwenye matope mpaka wachumaji wakamkuta. Nilikwenda. Nikamkumbusha maneno aliyokuambia jioni ile.

"Yule alikuwa Rais," akasema. "Ana daktari, ana walinzi. Mimi nikiacha shamba nabaki nani?"

Nikamwambia, "Hatukutoi, Baba. Tunakusogeza tu."

Akacheka yule mzee, akacheka mpaka machozi. Alisikia ni wewe unaongea. Jumapili baada ya ibada akamwita Ambakisye akampa panga mbele yetu. Tulipiga vigelegele, na mimi nikarudi mjini nimejawa na furaha.

Jioni hiyo hakula. Kesho yake Ambakisye akanipigia simu kwamba mzee amegeukia ukutani, uji umepoa, hajibu mtu. Siku iliyofuata vilevile. Bibi, niliogopa. Mimi mwalimu wa Uraia, mwenye kuchora mihula ubaoni, nilijifungia chooni shuleni nikalia kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi na sisi tulicheka bure, na kwamba nimemuua Baba kwa ulimi wangu.

Leo asubuhi nilikuwa darasani simu ikatetemeka. Sikusalimia hata, unisamehe.

"Anakula?" nikauliza.

"Anakula," akasema Ambakisye. "Ndizi kamaliza bakuli zima, analalamika chumvi. Halafu anafoka, ule mkungu wa karibu na kaburi la Bibi nani kaukata kabla haujakomaa."

Nilipiga yowe. Sikukusudia, lilitoka lenyewe, lile lako, la kufika Suma. Wanafunzi wakasimama. Walimu wa madarasa ya jirani wakaja mbio, mmoja na chaki mkononi, mwingine tayari ameshika kichwa.

"Nani ametutoka?" wakauliza.

"Hakuna aliyetutoka," nikasema, na machozi yananitiririka. "Baba anakula."

Ndaga fijo, asante sana, Bibi. Pumzika, jirani zako wa Mpuguso wanakusalimu. Jumamosi nakuja kufyeka majani hapo ulipo. Nitaomba ruhusa kwa Ambakisye kwanza.

Mimi mke mwenzio,
wa Msasani