Pembe Nne za Tundu la Afande

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Naandika kwa sababu Kampala nzima sina wa kumwambia.

Wiki iliyopita, kapteni anayesimamia ujenzi wa bwalo la maofisa alitaka tundu la mraba kwenye boriti kuu ya chuma, upande wa chini, katikati kabisa, ili apitishe waya za taa yake kubwa. Alilitaka siku ileile.

Okello, fundi wangu wa kuchomelea, alinivuta kando. "Injinia, tutoboe kona kwanza na kekee, zikuwe mviringo. Hivi itapasuka."

Alisema kweli, mimi ndiye niliyemfundisha. Mzigo hupita ndani ya boriti bila shida mpaka ukutane na pembe kali. Hapo hujirundika, na chuma huanza kuachia, kama kitambaa pale mkasi ulipogusa.

Lakini umeme wa kekee haukuwepo, na kapteni alikuwa ameweka bastola juu ya mchoro wangu, eti usipeperuke. Nikamwambia Okello akate kwa gesi, pembe zibaki kali.

Leo asubuhi, siku ya pili tangu tumwage zege la ghorofa ya juu, ufa umetokea kwenye pembe moja, urefu wa kiganja. Kapteni aliupapasa taratibu kwa kidole.

"Nani alikata hii chuma?"

"Okello," nikasema.

Sikudanganya. Okello alinitazama, akingoja nimalizie kwamba niliyemwamuru ni mimi.

Sikumalizia.

Askari wa kapteni walimtia kwenye buti la gari, miwani yake ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso. Kapteni akanipiga bega. "We injinia muzuri. Paka rangi, isionekane."

Nimepaka. Mara mbili, tena kwa uangalifu. Najichukia.

Jioni mke wa Okello amekuja kwa miguu kutoka Makindye kumuulizia. Nimemwambia nimemtuma Kabale kununua vyuma, atakawia. Uongo umetoka laini kabisa. Ameondoka, kisha akarudi, amelowa, na sweta ya mumewe chini ya kanga.

"Kabale iko baridi sana, injinia. Ukipata lori, mupelekee. Asante sana."

Sweta iko hapa mezani, kavu. Akija kuniuliza kama imefika, nitamjibu nini?

Nitamjibu imefika. Najijua.