Nyuzi Nne Siku Zote

Mpendwa kaka Eliya,

Tangu Jumatatu naogopa kukuandikia. Kumwogopa mtu asiyeweza kujibu ni ujinga, najua, nawe ungenicheka. Lakini nimefungua kazi yako, nimekuta kitu ndani yake, na sikuwa na mwingine wa kumwambia kama ninavyokwambia wewe.

Unakumbuka zile kompyuta kuukuu ulizozitoa Bujumbura, ambazo ofisi moja ilikuwa inazitupa? Hakuna mfumo wa uendeshaji wa kawaida uliokubali kukaa ndani yake. Ukapata ule mfumo mdogo usiojulikana, ambao watumiaji wake duniani, ulivyopenda kutania, wangeenea kwenye basi dogo moja na kondakta angebaki na nafasi. Ukawa unakaa uani kwa mama, yeye anachemsha mawese, wewe unachukua programu huria zilizoandikwa kwa mifumo mikubwa na kuzirekebisha mpaka zikubali huku kwetu. Kibodi yote ilinuka mawese. Ulipopata kazi Bujumbura ukawa unanitumia viraka vyako kwenye flashi, umeifunga kwa karatasi ya daftari, umempa dereva anayeshuka huku kwetu Rumonge. Juu unaandika: "Ya Nadine. Usiikalie."

Nilikuuliza kiraka ni nini hasa. Ukasema ni mistari michache ya kurekebisha programu ya mtu mwingine, na unaweka jina lako chini ili ikiharibika watu wajue wa kumuuliza.

Programu ya friji ya chanjo ndiyo uliyojivunia kuliko zote. Kipimajoto ndani ya friji ya kituo cha afya, waya hadi kwenye kompyuta, namba kwenye kioo, na joto likizidi mashine inalia. Ubaya ni kwamba ililia pia kila kipimajoto kilipokosa kujibu, na umeme wetu unaujua, ukikatika ukirudi kila kitu kinababaika. Mama Goreti, muuguzi, akakupigia simu. "Eliya, hii mashine yako iko inalia bure. Wamama wanakimbia na batoto, wanasema kuna moto." Ulicheka hadi ukakohoa. Wiki ile ile flashi ikafika na kiraka kipya.

"Mashine ikilia ovyo watu wanaizoea," ulisema kwenye simu, "na wakiizoea, siku ya kweli hawataisikia." Niliona una haki. Kiraka chenyewe sikukisoma. Nilikiweka mimi, kwa mkono wangu.

Mwaka juzi ukatuacha, na matunzo ya mashine yakaniangukia mimi, mwalimu wa hesabu. Wiki hii limekuja toleo jipya la mfumo, na kiraka chako kikakataa kuingia. Ikabidi nikisome mstari kwa mstari. Uliandika kwamba kipimajoto kisipojibu, programu ionyeshe namba ya mwisho iliyosomeka vizuri. Hukuandika hadi lini.

Nilikitia kipimajoto cha akiba kwenye bakuli la maji na barafu kidogo niliyoomba kwa wauza samaki. Kioo kikasoma nyuzi nne. Nikachomoa waya: nne. Nikanywa chai: nne. Nikaenda kufundisha, nikarudi mchana, barafu imekuwa maji ya uvuguvugu, na kioo bado kinasema nne. Friji ingeweza kupata joto na chanjo kuharibika, kaka, na mashine isilie. Mwanangu Ketsia alichanjwa surua palepale kituoni, nikimshika mkono asijitupe.

Nikuambie na aibu yangu. Nilitaka kunyamaza. Ningebadilisha mistari miwili na hakuna ambaye angejua. Wale wenzako wa mbali, wasiojua hata Rumonge iko wapi, bado wana jina lako kwenye orodha ya wajenzi wa mfumo, na ni mahali pachache sana ambapo jina lako limebaki. Niliandika kiraka kipya, na maelezo ya kosa, kisha nikafunga kompyuta bila kutuma.

Jana nilipanda gari hadi kituoni na flashi mfukoni. "Amahoro, Nadine," Mama Goreti alinipokea, akifurahi. Nilimwomba tusogeze friji. Nyuma yake waya ulikuwa umeliwa na panya, na vumbi lilikuwa limeshakaa juu ya pale ulipokatika. Kioo kilisema nne.

Nilimuuliza kuhusu lile daftari la joto, lile alilokuwa akiandika kwa mkono asubuhi na jioni.

"Nilikuwa naandika," alisema. "Halafu nikaona mashine inasema nne, kila siku ni nne. Nikaacha. Mashine ya Eliya haiwezi kunidanganya."

Sikuweza kumtazama. Niliunganisha waya, nikaweka kiraka kipya, nikakosea neno la siri mara mbili. Huenda friji ilikuwa baridi siku zote hizi. Nilijisemea hivyo huku programu ikiamka. Kisha namba ikatokea: kumi na moja. Mashine ikalia.

Hakuna mama aliyekimbia. Walikuwa kwenye benchi na watoto wao mapajani, na kadi za chanjo mikononi. Walitutazama mimi na Mama Goreti, wakingoja tuwaambie ni nini. Yeye alifunga friji kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Mimi nikawaambia, nikaanza na Ketsia.

Jumapili Mama Goreti atasimama kanisani awaite watoto wote warudi kuchanjwa, bila kujua aanzie waliochanjwa mwezi gani. Ketsia atachomwa tena Jumanne. Akikohoa kidogo naamka, namgusa paji la uso. Naogopa, kaka, na sidhani nitaacha kuogopa hivi karibuni.

Yale maelezo ya kosa nimewatumia wenzako asubuhi hii, pamoja na kiraka. Jina lako nimeliacha pale lilipokuwa, na chini yake nimeandika langu. Wakitafuta wa kumuuliza, watanikuta. Wewe pumzika.

Mdogo wako, niliyekiweka bila kukisoma,
Nadine