Wale Ambao Hawajafika

Goma, 4 Februari 2001

Mdogo wangu Zainabu,

Salaam aleikum. Natumai wewe, shemeji Assumani na mtoto Swedi mko wazima. Mimi kaka yako ni mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi ya huku.

Hesabu yako imenifikia kwa yule mama anayeleta bidhaa kwa ndege. Umefanya vizuri kumuuliza kila msukumaji wa baiskeli anayekuletea mchele hapo kwenye depo yenu kutoka Kibombo: amepita wapi, amepoteza nini. Majibu yao nimeyapanga kama tunavyopanga mizigo hapa kazini. Wanaofuata reli karibu wote wanalalamika. Huyu kanyang'anywa gunia, yule kachapwa, mwingine kalazwa kwenye kizuizi cha askari siku mbili. Waliopitia njia ya Tunda hakuna hata mmoja aliyepoteza gunia. Achaneni na reli, hata kama Tunda ni kuzunguka. Biashara haiendeshwi kwa mazoea.

Umeandika pia wanne wa Tunda kwamba "hawajafika". Hao nimewaacha nje. Mtu asiyefika hajaleta habari, na bila habari siwezi kumhesabu.

Yaya wako, Amuri

Kindu, 11 Machi 2001

Yaya Amuri,

Salaam. Sisi wazima, mchele ni wa shida lakini bado tunacheka. Swedi ameota meno na anauma kila kitu. Kifua chako kimepona?

Nimemsomea Assumani barua yako. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema: "Kwa reli wanatupiga, tunarudi, tunalalamika. Wale wa Tunda wenye hawajafika, ni nani aliwauliza?" Nikamwambia mambo haya yaya ameyasomea chuo. Akacheka, akaenda kutia upepo kwenye tairi.

Waliondoka Ijumaa baada ya swala, yeye na Lutala jirani yetu. Wamepitia Tunda kama ulivyosema.

Mdogo wako, Zainabu

Kindu, 20 Juni 2001

Yaya Amuri,

Salaam. Natumai u mzima. Swedi ameanza kutembea, na mama mkwe hajambo.

Assumani hajafika. Lutala naye hajafika. Ukiwajumlisha na wale wanne, sasa ni sita.

Unajua desturi yetu. Mtu wa safari hatumwiti marehemu bila mwili wala shahidi, tunasema hajafika, hata miaka ipite. Mama mkwe hataki kusikia neno jingine. Lakini mimi sijui nikae vipi, yaya. Mimi ni mke au ni mjane? Nianze eda, au nimngojee? Shehe amesema nimuulize mkubwa wa nyumba yetu. Baba hayupo tena, kwa hiyo ni wewe.

Sikuombi hesabu safari hii. Sema neno moja tu, lolote, nami nitalifuata. Nangoja jibu kwa ndege ya kwanza.

Mdogo wako, Zainabu

Lubumbashi, 9 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Ni siku nyingi mno, natumai afya yako ni nzuri. Mimi sukari tu, uzee umeshabisha hodi. Barua nyingi zilipotea wakati wa vita, basi tusilaumiane. Namba ya Swedi nimeipata kwa watu wa mtaa wenu, Mikelenge. Naandika kwenye simu yake ili akusomee.

Siku hizi nafundisha wenye makampuni kuboresha kazi zao kwa takwimu. Somo wanalolipenda kuliko yote ni la kwetu Kindu, ingawa majina siyataji. Linasema hivi:

"Depo moja ya mchele iliwauliza waliorudi tu. Njia iliyosifiwa ndiyo iliyokuwa ikiua. Wasafiri sita walikufa, na kwa kuwa wafu hawalalamiki, hawakuingia kwenye hesabu."

Hapo ukumbi mzima hushika kalamu na kuandika. Je, unayo picha ya baiskeli za wakati ule? Ingelipendezesha somo.

Yaya wako, Amuri

Kindu, 15 Septemba 2024

Yaya Amuri,

Salaam. Mimi na Swedi ni wazima. Habari zako siulizi, umezitoa mwenyewe za kutosha.

Swedi alisoma mpaka kwenye "sita", nikamwambia arudie. Hesabu niliyokutumia mwanzo ilikuwa na wanne. Sita haiko mahali pengine popote ila kwenye barua yangu ya Juni. Basi uliipata. Ulichukua hesabu, swali langu ukaliacha, ukakaa kimya miaka ishirini na tatu.

Nina hasira na wewe, na sidhani itaisha. Wanaume wawili walikuja kuniposa, nikawajibu mume wangu yuko safarini. Swedi shuleni, akiulizwa kazi ya baba, alijibu msafiri. Na hilo somo linalokupa heshima ni maneno ya Assumani, aliyasema hapa nyumbani kabla hajaondoka, nami nikakuandikia. Hukumtaja hata kama mtu aliyekufundisha.

Picha hakuna. Baiskeli alikwenda nayo.

Lakini umeandika "walikufa". Ndilo neno nililokuomba, na umewapa wageni kabla yangu. Haidhuru, mkubwa wa nyumba amesema. Swedi amekwenda sokoni kuninunulia kitambaa cheupe, kesho naanza eda. Majirani watakuja kukaa nami uani. Wakiuliza yaya wa mjane yuko wapi, nitawaambia hajafika.

Mdogo wako, Zainabu