Pindo la Gauni la Bluu

Jumatatu, 6 Julai

Tumefika! Mgongo wangu hauna hali. Mji umelala mchana kweupe – duka moja, mbwa mmoja, mawimbi. Mume wangu alifiwa na mke, mimi niliachika. Miaka minne ya ndoa, na leo ndiyo kwanza ananipeleka mahali. Anasema hajawahi kufika huku, alisikia tu kuna utulivu. Nyumba ya wageni, chumba namba tano, ghorofani. Swichi ya taa imejificha nyuma ya kabati. Aliingiza mkono gizani, akawasha. Nikamtania ana macho ya paka. Hakucheka.

Jumanne, 7 Julai

Kutembea polepole, kula polepole, kulala. Raha! Shingo imesahau cherehani. Mama mwenye nyumba kaleta chai, vikombe viwili, kimoja hakina sukari. Mume wangu hatumii sukari. Nani kamwambia? Nikamuuliza. Eti amekisia. Akaondoka na sinia mbiombio.

Jioni mume wangu kanipa zawadi – gauni la bluu! Jipya, kasema. Machozi yakanitoka kama mtoto. Fupi kidogo, na kiuno kinabana. Si neno, mimi ni fundi.

Jumatano, 8 Julai

Heri nisingeligusa.

Nilikaa barazani na wembe nifumue pindo, nilishushe. Ndani ya pindo bluu imekolea, nje imepauka. Kitambaa kipya hakiwi na rangi mbili! Hili limefuliwa na kuanikwa juani miaka. Na kiunoni kuna mshono wa mkono, wa mtu asiyejua kushona. Kalipunguza, kisha kalipunguza tena. Alikuwa anakonda.

Marehemu aliugua mwaka mzima. Hilo nilijua. Niliambiwa pia nguo zake zote waligawana mawifi.

Mama mwenye nyumba kapita, kaliona mapajani mwangu, kakaa chini pu! Ikabidi aseme. Mume wangu na marehemu walikuja kila mwaka, chumba hikihiki. Mwaka wa mwisho mwenzangu alikuwa anapumzika kila ngazi mbili. Kisha akanishika mkono: "Nisamehe, mwanangu. Mumeo alinikataza."

Naogopa kukigusa kitanda. Upande gani ulikuwa wake? Nimeshusha pindo, nimepiga pasi. Ukanda uliokolea umebaki chini, hautoki. Mume wangu kaniuliza mbona kimya. Nikasema nimechoka na jua.

Alhamisi, 9 Julai

Asubuhi kaniomba nilivae jioni, tushuke ufukweni. Nikakubali. Nimeapa moyoni – akisema ukweli mwenyewe, namsamehe. Asiposema, kesho narudi kwenye cherehani yangu peke yangu. Nampenda, ndiyo shida yenyewe.

Saa kumi na nusu nikashuka ngazi. Alikuwa chini, ananisubiri kwa tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa. Kisha akaangalia miguuni, akaona ukanda. Tabasamu likafa. Akauliza nani kaniruhusu kulirefusha. Nikamwambia mwenye mwili huu! Nikapanda mbio, nimejifungia.

Naandika nimeegemea mlango. Gauni limelowa jasho. Anapanda. Polepole – anasimama kila baada ya ngazi mbili, kama anamsubiri mtu. Sasa yuko mlangoni. Hagongi. Anaongea taratibu, sauti ya kumbembeleza mgonjwa: "Usipande mbio, mama. Si nilikwambia utachoka? Fungua nikushike."

Mimi ngazi hazijawahi kunichosha.

Ufunguo uko upande wangu. Ananiambia nihesabu mpaka kumi, nivute pumzi, atanisaidia. Ameanza kuhesabu. Moja. Mbili.